Unyayo wa Ukuta wa Kusini

Mimi nimefundisha historia miaka thelathini na minne, kwa hiyo kutosikilizwa si jambo geni kwangu. Ila wanafunzi wangu walikuwa na adabu ya kusinzia. Kamati ya mapokezi ya Parokia ya Idunduma haisinzii. Inapiga makofi.

Ilianza mwezi wa pili, pale Padre Remmy, paroko wetu, aliponipigia simu kwa ile sauti ya mtu anayetaka kukutwisha mzigo. Kuna parokia moja ya Ujerumani, Lindenroda, ambayo ni rafiki yetu tangu zamani. Kisima cha hapa kanisani tulikichimba pamoja nao. Kanisa lao linatimiza miaka mia nane. Wageni wanane wangekuja mwezi wa nane kufurahi nasi, na walikuwa wametuma kitabu cha historia ya kanisa hilo, kurasa sitini na mbili za Kiingereza, wakiomba tukifasiri ili watu wetu wakisome.

"Mwalimu Matilda, Kiingereza unacho, historia unayo," alisema. "Nimtafute nani mwingine?"

Kweli hakukuwa na mwingine. Nikakubali, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Kitabu chenyewe kilinishika kuliko nilivyotaka. Walianza kujenga mwaka 1225. Mnara peke yake uliwachukua miaka mia moja na arobaini, na katikati ya hapo uliwaanguka. Tauni ikapita, ikabakiza watu kumi na saba kijijini, na hao kumi na saba wakaendelea kubeba mawe. Ukurasa wa ishirini na tatu una picha ya jiwe moja la ukutani lenye mchoro mdogo, msalaba wenye mkia. Ni alama ya mwashi. Waashi wa zama hizo kila mmoja alikuwa na yake, akaichonga kwenye jiwe lake, na jiwe likionekana bovu ilijulikana nani aitwe. Chini ya picha wameandika: jina lake hatulijui, lakini tunautambua mkono wake mahali kumi na nne.

Niliposoma hapo nilivaa koti, nikatoka, nikaenda kanisani kwetu kuuangalia ukuta.

Sisi alama hizo tunazo. Mwaka 1961, nchi ikisubiri uhuru, watu wa Idunduma walifyatua matofali ya kanisa, kila kaya na yake, wakayachoma katika tanuru moja kubwa pale bondeni. Katekista Kornelio ndiye aliyesimamia, na alikuwa mkali. Alitoa amri kwamba kila kaya iweke alama yake ubavuni mwa tofali likiwa bado bichi, ili siku ya kufungua tanuru, lililopasuka lirudishwe mlangoni kwa mwenyewe na watu wote wakiona. Kwa hiyo ukuta wetu umejaa alama. Kuna mistari mitatu, kuna jembe, kuna jicho, kuna jani la mwanzi. Alama ya Kornelio mwenyewe ni msalaba ndani ya duara.

Na karibu na mlango mdogo wa kusini, mstari wa tatu kutoka chini, kuna unyayo wa mtoto mchanga. Huo ni wangu.

Mama yangu, Lucia, alinizaa bila ndoa. Babu alimfukuza nyumbani na kanisa likamzuia kupokea komunyo, lakini matofali hakuzuiwa. Alifyatua sitini peke yake, mimi nikiwa mgongoni. Ulipofika wakati wa alama, katekista alimwambia atumie ya baba yake, na baba yake akasema alama yake haitaguswa na mikono ile. Basi mama akanishusha mgongoni, akanishika kifundo cha mguu, akanikanyagisha udongo. Miezi saba nilikuwa nayo. Matofali yote sitini yalitoka tanuruni mazima, na Kornelio hakupata hata moja la kumrudishia. Waashi waliyaweka kusini, chini, nyuma ya zilipokuwa kuni za mapadre, na mengi waliyageuza yakatazama ndani. Limebaki moja tu lililotazama nje.

Jumapili zote za utoto wangu tulikaa karibu na mlango huo, na wenzetu walipokwenda kukomunika mama alikuwa akinitoa nje kidogo. Ndipo aliponionyesha. Tofali hilo lina kitu kingine ambacho usipoambiwa hukioni. Kando ya kisigino kuna vishimo viwili. Ni vidole vya mama, pale aliponikamata nisiteleze. Mama alifariki mwaka 2009 na sina hata picha yake moja, kwa sababu picha zilikuwa ni mambo ya watu wa mjini. Vishimo hivyo viwili ndivyo nilivyonavyo.

Sasa rudini nami kwenye kamati.

Kikao cha mwezi wa tano kilikuwa na ajenda moja: ukarabati kabla ya wageni. Mwenyekiti wetu ni Aloyce, mfanyabiashara wa mbao wa Makambako, mjukuu wa yuleyule Katekista Kornelio. Nilimfundisha kidato cha pili, na katika historia alipata alama nisizopenda kuzitaja. Alisimama akaeleza mpango wake. Madirisha ya alumini, jipsam darini, marumaru sakafuni, na ukuta wote upigwe lipu na kupakwa rangi ya maziwa.

"Wageni hawawezi kuja kuona matofali ya kuchoma kama tuko bondeni tunafyatua," alisema. "Ni aibu."

Niliomba nafasi. Nikawasomea sura niliyokuwa nimeifasiri wiki ileile, tena niliichagua kwa makusudi. Inaeleza kwamba kuta za kanisa la Lindenroda zilikuwa na picha za watakatifu zilizochorwa na watu wasiojulikana, mpaka ikaja kamati (kitabu hakisemi kamati, lakini mimi nazijua) ikaona picha zile ni za kishamba, ikazipaka chokaa. Zikakaa gizani miaka mia tatu. Siku moja ubamba wa chokaa ukadondoka katikati ya misa, jicho likaonekana, na watu wakalia. Wakatumia miaka tisa kuikwangua chokaa ile kwa visu vidogo.

Nikaweka karatasi chini. Nikawaambia na sisi tunazo alama za watu wetu, nikazitaja moja moja na mahali zilipo. Nikasema ya Kornelio iko mstari wa tisa, kushoto kwa dirisha la pili la kusini. Aloyce aliposikia jina la babu yake alipiga makofi, na wote wakapiga.

Nikafikiri nimeeleweka. Utu uzima wote huu na bado nilifikiri hivyo.

"Tunamshukuru Mwalimu," Aloyce alisema. "Kwa hiyo na wao walipiga lipu."

"Chokaa," nilisema. "Na walijuta miaka mia tatu."

"Lakini walipiga."

"Walipiga, Aloyce, na kitabu kizima kinasema—"

"Basi sisi tuna shida gani? Tunafuata mfano wa wenzetu."

Makofi tena. Dorosela, mwenyekiti wa akina mama, akataka kujua kama ni kweli mnara wao ulichukua miaka mia na arobaini, maana wetu una miaka kumi na miwili tu na watu wanasema tunachelewa. Nikamwambia ni kweli. Hilo likawafurahisha kuliko yote niliyosoma, na likaandikwa kwenye muhtasari. Nilimtazama Padre Remmy anisaidie. Alikuwa anachunguza kalamu yake.

Nilimfuata baadaye sakristia. "Mwalimu, mimi naweza kuhamishwa wakati wowote," aliniambia kwa upole. "Sitaki nimwachie mwenzangu ugomvi na wazee."

"Aloyce si mzee. Ana miaka arobaini na sita."

"Wazee wa kamati," alisema, na akaanza kukunja kanzu ambayo ilikuwa tayari imekunjwa.

Wiki iliyofuata nilikwenda Makambako. Nilimkuta Aloyce uwanjani kwake, lori likipakiwa mbao za paini, yeye na simu mbili, moja kila sikio. Alinikaribisha vizuri, hilo sitamnyima. "Shikamoo Mwalimu," alisema, akanivutia kiti, akaagiza chai. Nikamweleza habari za mama kuanzia mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho sijawahi kumweleza mtu aliyewahi kunikabidhi daftari. Alinisikiliza kati ya simu na simu.

"Pole sana, Mwalimu. Basi ling'olewe uende nalo nyumbani."

"Si langu. Mama alilitoa kanisani."

"Tuache basi kidirisha kwenye lipu?" Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa mwenyewe. "Hapana. Nikikuachia wewe, kila ukoo utataka chake. Ukuta utakuwa na madoa mwili mzima. Hata babu yangu simwachii. Yeye tutamwekea marumaru mbele, yenye jina lake."

"Babu yako hakuandika jina. Aliandika msalaba ndani ya duara."

"Marumaru inasomeka zaidi." Kisha akasema jambo lililonikera kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. "Mwalimu, umeuangalia ukuta ule karibuni? Manyunyu ya kusini yanaula. Tusipopiga lipu, miaka ishirini ijayo hakuna alama wala ukuta."

Nilikuwa nimeuangalia. Katika unyayo wangu, vidole viwili vya mwisho vimeshamomonyoka. Nilikunywa chai yake nikaondoka bila kuaga vizuri. Nilipokuwa nashuka pale njia panda ya Idunduma ndipo aliponitumia ujumbe: "Mwalimu, historia ya Wajerumani ifupishe iwe risala ya dakika tano." Miaka mia nane. Dakika tano.

Mafundi walianza mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza na ukungu hauondoki hadi saa tano. Walianzia mashariki. Kila asubuhi nilichukua stuli na daftari la kurasa mia, nikaenda kukaa mbele yao kidogo, nikinakili alama kabla hazijafunikwa: ukuta upi, mstari wa ngapi, hatua ngapi kutoka kona, mchoro gani, na ya nani kama kuna aliyejua. Watu walipita wakanisalimu, "Kamwene, Mwalimu," wakaniuliza ninahesabu nini. Niliwajibu kwa mkato. Wengine walirudi nyumbani kuuliza wazee wao, wakaniletea majina. Wengine walisema nimeanza kuchanganyikiwa tangu nistaafu.

Fundi mkuu alikuwa Manase, Mlutheri kutoka Kidugala, mtu wa makamo, mpole, mwenye mwiko mwepesi. Aliniambia yeye hana neno na Wakatoliki ila wanajenga mlango mwembamba. Siku ya pili alianza kunisomea mistari mwenyewe akiwa juu ya jukwaa. "Mwalimu, andika, mstari wa kumi na nne, kuna samaki." Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kunielewa tangu mwezi wa pili, na hata si wa parokia yetu.

Tulifika mlango mdogo wa kusini siku ya Alhamisi, kama saa nane mchana. Nilikuwa sijamwambia kitu. Alichuchumaa, akalifuta tofali kwa brashi.

"Hili la nani?"

"Langu."

Aliutazama mguu wangu, akautazama ukuta. Nikamwonyesha vile vishimo viwili. Nilimwambia ni vya nani. Manase aliweka kidole chake kimoja ndani ya kishimo, taratibu, akakitoa.

"Nikiling'oa litatoka vipande," alisema. "Nikiliacha wazi, maji yataingia nyuma ya lipu yote. Nakwambia ukweli, Mwalimu, nisije nikakudanganya."

"Najua."

"Ungetaka nifanyeje?"

Nilikuwa na hasira na watu wengi sana siku hiyo. Na Aloyce, na Padre, na makofi, na babu aliyekataa alama yake iguswe, na katekista na orodha yake ya wanaostahili komunyo, na mvua. Nilikuwa na hasira hata na mama, kwamba hakunibana vizuri zaidi vishimo viwe virefu. Nililia palepale kwenye stuli, mbele ya fundi wa watu. Kisha nikapangusa uso kwa kanga, nikainama nikaweka vidole vyangu viwili pale vilipokuwa vyake. Havikuenea. Mama alikuwa na vidole vyembamba, na mimi nilikuwa nimesahau.

"Piga lipu," nilimwambia.

Alipiga. Alipiga kwa mkono mwepesi, akasawazisha kwa ubao, na tofali likaenda. Ulibaki ukuta wa kijivu kama kuta zote. Nikavua kiatu cha kulia, nikavua na soksi.

"Mwalimu, kuna baridi," Manase alisema.

"Sogeza stuli."

Alisogeza stuli karibu, nikanyoosha mguu kuelekea ukutani. Goti langu la kulia ni bovu tangu nilipoanguka pikipiki ikinipeleka Igwachanya kusimamia mtihani, kwa hiyo mguu ulifika nusu ya njia ukagoma, ukaanza kutetemeka. Manase alipiga magoti, akanikamata kifundo kwa mkono wake wenye saruji, akaupeleka mguu pale nilipomwonyesha.

"Kanyaga," alisema. "Nimekushika."

Nikakanyaga. Lipu ilikuwa ya baridi hadi kwenye mfupa. Tulikaa hivyo, mimi na Mlutheri, kwa muda wa kusoma Baba Yetu moja, kisha akautoa mguu polepole ili kingo zisivunjike. Unyayo ulikaa vizuri, wa mwanamke mzima, na kidole gumba kilichopinda. Na kando ya kisigino palikuwa na vishimo viwili, pale vidole vyake viliponishika. Manase alinyanyua mwiko avisawazishe. Nilimshika mkono.

Jumamosi Aloyce alikuja kukagua kazi. Nilikuwepo, nikiwa na daftari. Aliusifia ukuta wa mashariki, akausifia wa kaskazini, akazunguka kusini, na pale mlango mdogo akasimama.

"Nani amekanyaga ukuta?"

"Mimi."

Alimtazama Manase, na Manase akapata kazi ya ghafla ya kuosha karai. "Mwalimu," Aloyce alisema, "ukuta unakanyagwaje?"

Nikampa daftari. Alianza kulipekua ili kuwa na la kufanya, kama alivyokuwa akipekua madaftari zamani, kisha akapunguza mwendo. Alifika ukurasa wa ukuta wa kusini. Niliona anasoma mstari mmoja mara mbili.

"Msalaba ndani ya duara," alisema. "Huyu ni babu?"

"Ni babu yako."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Kwa kijiti, likiwa bichi."

Alihesabu hatua kutoka dirisha la pili, akasimama mbele ya lipu iliyokwisha kukauka, akaweka kiganja. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa mwanafunzi aliyekuta mtihani umeuliza kile ambacho hakukisoma.

"Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

"Nilikusomea kwenye kikao, Aloyce. Mstari wa tisa, kushoto kwa dirisha. Ulipiga makofi."

Aliutazama tena ukuta. "Sasa tunaweza kufanya nini?"

"Subiri miaka mia tatu," nilimwambia, "halafu uje na kisu kidogo."

Hakucheka, na mimi sikuwa nimetania. Lakini siku ya Jumatatu alinipigia simu, akaniambia risala waandike wengine, mimi nichape kitabu chote. Kurasa zote. Na daftari la alama liwekwe nyuma.

Nilikwenda Njombe mwenyewe kwenye duka la kuchapa, nikakaa kando ya binti anayeandika kwenye kompyuta kwa sababu simwamini mtu tena. Kwanza Lindenroda, mwaka 1225, mnara, tauni, chokaa, jicho. Kisha Idunduma, ukuta kwa ukuta. Tulimaliza saa kumi. Binti aliniuliza kama kuna kingine, nikamwambia upo mstari mmoja wa mwisho, na nikamsomea taratibu, neno kwa neno, naye akaandika:

Ukuta wa kusini, mlango mdogo, mstari wa tatu, chini ya lipu: unyayo wa Matilda, miezi saba, ameshikwa na mama yake, Lucia. Mahali hapohapo, juu ya lipu: Matilda, miaka sitini na minne, ameshikwa na Manase wa Kidugala. Anayekwangua aanze pembeni.